Asiyeshinda Anaangukia Wapi?

Tarehe 2 Agosti 2024, mjini Paris, Joshua Cheptegei alimaliza mbio za mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 43.14, akaipatia Uganda dhahabu na kuweka rekodi mpya ya Olimpiki. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini katika shangwe zile kuna jambo halikuzungumzwa sana. Rekodi aliyoivunja, ya Mwethiopia Kenenisa Bekele tangu Beijing 2008, ilikuwa dakika 27 na sekunde 1.17. Usiku ule waliomaliza chini ya muda huo walikuwa wanaume 13. Wa kumi na tatu, Mfaransa Jimmy Gressier, alikwenda kasi kuliko bingwa yeyote wa Olimpiki wa mbio hizo kabla ya siku ile, na akarudi kwao bila medali. Medali zilikuwa tatu, na zingebaki tatu hata kama kila aliyekuwa uwanjani angevunja rekodi.

Nalitaja hilo kwa sababu ya ubishi ambao hauishi kwetu. Kila mtu apambane ashinde, au heri mtu atulie, aridhike na alichojaliwa? Utausikia kwenye mahubiri, kwenye vikao vya harusi, kwenye steji ya bodaboda abiria wakiwa wachache. Methali zetu zenyewe zimegawanyika. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, wanasema wa upande huu. Heri kenda shika kuliko kumi nenda rudi, wanajibu wa upande ule. Hata Mtume Paulo utamkuta pande zote mbili: Wakorintho aliwaandikia wapige mbio ili wapate tuzo, na Wafilipi akawaambia kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo. Wahubiri wa Kampala siku hizi wanapenda zaidi ile barua ya kwanza.

Nitasema mapema ninaposimama. Kupambana si dhambi, na kuridhika si uvivu. Ila nchini mwetu ubishi huu unaruka swali linalotangulia yote mawili: asiyeshinda anaangukia wapi? Watu wengi ninaowafahamu hawakimbii kwa kuwa wanapenda kuwa wa kwanza. Wanakimbia kwa kuwa wameona yaliyomkuta aliyebaki nyuma. Wameona shamba likiuzwa kulipia operesheni, wameona kijana mwenye akili akirudishwa nyumbani kwa karo, wameona mzee aliyefanya kazi miaka arobaini akiomba chumvi kwa jirani. Kuridhika kunahitaji sakafu chini yake. Pasipo sakafu, kumwambia mtu atulie ni kumtaka afanye jambo ambalo hali yake haimruhusu.

Tuanze na watoto, maana huko ndiko tunakofundishwa kwanza kwamba maisha ni mashindano. Mtihani wa kumaliza darasa la saba una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Alama bora katika kila somo ni 1, kwa hiyo mtoto aliyefaulu kupita wote hupata jumla ya 4. Kuanzia 4 hadi 12 ni daraja la kwanza. Matokeo yakitoka, magazeti hujaa picha za watoto waliopata 4 wamebebwa mabegani, walimu wanaruka, mzazi anafuta machozi ya furaha. Siidharau furaha hiyo. Mtoto wa miaka 12 au 13 aliyesoma kwa bidii anastahili kubebwa.

Mtaani kwetu kuna msichana aliyepata jumla ya 9. Daraja la kwanza, bila shaka yoyote. Siku matokeo yalipotoka alijifungia chumbani akakataa kula. Mama yake alisimama mlangoni na sahani ya matoke na mchuzi wa karanga mpaka mchuzi ukaganda juu, akimbembeleza kwa jina lake la utotoni. Mtoto alishajua, kabla mtu mzima yeyote hajamwambia, kwamba shule aliyoiandika kama chaguo la kwanza isingechukua 9. Kosa lake lilikuwa lipi? Alijibu karibu kila kitu alichoulizwa. Alikuwa miongoni mwa watoto waliofanya vizuri zaidi katika nchi nzima, na bado nyumba ile ilikaa kimya kama yenye msiba.

Hapo ndipo watetezi wa mapambano wanapopaswa kutulia kidogo na kufanya hesabu. Wanaokaa kwenye mtihani huo sasa wanazidi 700,000 kwa mwaka. Nafasi katika zile shule chache za sekondari ambazo kila mzazi anazililia hazifiki hata sehemu ndogo ya idadi hiyo, na haziongezeki kwa sababu watoto wamesoma zaidi. Mzazi mmoja akimwamsha mwanawe saa kumi alfajiri, mwanawe anapata nafuu juu ya wenzake. Wazazi wote wakiwaamsha wa kwao saa kumi, hakuna aliyepata nafuu. Nafasi ni zilezile, mpangilio ni uleule, na darasa zima linasinzia. Ni hesabu ya Paris iliyohamia kwenye madawati, tofauti yake ni kwamba wanaume wa Paris walichagua wenyewe kukimbia.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama kila mtu apambane, nauliza kwanza: apambanie nini? Kuna mapambano ambayo matunda yake yanaongezeka kadiri watu wanavyojitahidi. Mkulima wa Masaka anayepogoa kahawa yake vizuri na kuianika kwenye turubai badala ya udongoni hamnyang'anyi jirani kitu. Jirani akiiga, wote wawili wanauza kahawa safi zaidi, na mnunuzi anaanza kuwafuata. Na kuna mapambano ambayo nafasi ni zilezile hata wote tukeshe: kiti cha shule, kiti cha ubunge, ajira moja serikalini inayoombwa na watu mia tano. Kuwahimiza watu wote wapambane kwa namna hii ya pili bila kuongeza viti ni kuwachosha. Serikali ilijaribu kupunguza joto hilo kwa mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, ukaondoa madaraja na kuweka herufi A hadi E. Matokeo ya kwanza ya mtaala huo yalitoka Februari 2025. Watu walianza papo hapo kuhesabu nani ana A ngapi. Siwalaumu. Mzazi anahesabu A kwa sababu anajua mtoto asipoingia pale, huko kwingine kuna nini.

Tukitoka shuleni tukaenda kijijini, ubishi unavaa nguo za serikali. Kwa miaka mingi Rais Museveni amekuwa akiwakemea wanaolima kwa ajili ya tumbo tu. Mpango wa maendeleo wa parishi (parishi ni ngazi ya utawala yenye vijiji kadhaa), huu tunaouita PDM, uliozinduliwa Februari 2022 wilayani Kibuku, ulianzia kwenye hesabu kwamba asilimia 39 ya kaya nchini ziko nje ya uchumi wa fedha. Parishi inatengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, kaya inakopeshwa milioni 1, na ujumbe ni kwamba kulima ili mle mshibe hakutoshi.

Nakubaliana na nusu ya ujumbe huo. Mfikirie bibi mwenye migomba yake, miti kadhaa ya kahawa, maharagwe, kuku wachache na mparachichi nyuma ya jiko. Hana njaa. Siku ya kawaida ukimwuliza anakosa nini, atakuambia hakosi kitu, na atakuwa anasema kweli. Ukiingia kwake hutoki bila kupewa ndizi za kubeba. Mtu kama huyo kuitwa maskini kwa sababu tu hauzi kila anachovuna, mimi naona ni kumvunjia heshima. Lakini huja siku isiyo ya kawaida. Binti anahitaji kupasuliwa wakati wa kujifungua. Mjukuu amerudishwa kutoka shule; elimu ya msingi ya bure ilianza 1997, ila kila mlezi anajua kuna hela ya uji, hela ya mtihani, hela ya sare. Hapo kipande cha shamba kinauzwa kwa bei ya dharura, na mnunuzi, ambaye naye anajua kuwa ni dharura, habishani sana kwa sababu ameshashinda. Kipande hicho hakirudi tena. Bibi hakukosea kuridhika. Kilichokosekana ni kitu cha kuulinda utulivu wake siku mbaya ilipofika.

Nilichokiona Busia kinanisaidia kulieleza hili. Soko la mpakani lina kelele za lugha nyingi, Kisamia, Kiteso, Kiganda, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha watu kwenye bei. Upande wa mukene, yaani dagaa, kuna mama mmoja ninayenunua kwake kila nikipita. Mzigo wake unatoka Majanji, ziwani. Anaumwaga kwenye turubai, anapepeta mchanga kwa ungo, anatoa vipande vilivyovunjika anaviweka pembeni kwa wanaofuga kuku, kisha anapima kwa kopo na kuongezea kiganja juu bila kuombwa. Saa kumi jioni anafunika mzigo, anafunga kamba, anaondoka. Wenzake hubaki mpaka giza.

Siku moja nilimkuta na kijana wa mikopo, nadhifu, faili mkononi, anamshawishi kwa adabu achukue mkopo aongeze meza mbili na awe na wasichana wa kumuuzia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mwanangu, asante. Mimi nimetosheka." Kijana alipoondoka, mwenye meza ya jirani alicheka akasema huyu mama hataki maendeleo. Mimi nilimwuliza, kwa heshima, kwa nini. Akanihesabia: kiwanja ni chake na karatasi zipo, nyumba ni ya matofali, watoto wamemaliza masomo, na yuko kwenye kikundi cha akina mama kinachokopeshana na kuzikana. Hakutaja hata kitu kimoja cha anasa. Alikuwa ananisomea sakafu yake. Na sakafu hiyo hakuikuta. Alinieleza miaka aliyokuwa akilala kwenye magunia Majanji akisubiri boti ili awahi mzigo wa alfajiri. Alipambana, akafika mahali panapotosha, akajua kuwa amefika. Ujuzi huo wa kutambua pa kutosha ndio ninaotamani tungekuwa nao wengi zaidi, wakiwemo matajiri wetu wanaozungushia ukuta kila kipande cha ardhi kinachobaki kando ya ziwa.

Sasa, yuko msomaji atakayeyachukua maneno haya na kuwaambia wanyonge: mnaona, tulieni. Hapo namkatalia. Kuna kuridhika kunakohubiriwa na aliyeshiba kwa mwenye njaa, na historia ya Uganda ina jibu lake. Mwaka 1949 wakulima wa Buganda walikuwa wamechoka kulima pamba ambayo bei yake ilipangwa na wengine na ambayo hawakuruhusiwa kuichambua wenyewe viwandani. Pamoja na chama cha Bataka na chama cha wakulima kilichoongozwa na Ignatius Musazi, walidai wachambue pamba yao, wauze watakavyo, na wachague wawakilishi wao. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa nguvu na ikapiga marufuku vyama hivyo. Lakini miaka michache baadaye, chini ya gavana Andrew Cohen, Waafrika waliruhusiwa kumiliki viwanda vya kuchambua pamba, na vyama vya ushirika vikapanuka. Chama kikuu cha kahawa cha Bugisu kiliundwa 1954. Wakulima wale wangesema "Mungu atajua, tumeridhika", wajukuu wao wangeuza wapi? Na waangalie walichopigania: haki ambayo mmoja akiipata, mwenzake hapungukiwi. Hakuna aliyekuwa akitafuta kuwa wa kwanza darasani.

Upande wa pili nao una hadithi yake, na ni nzito. Septemba 1972, mjini Munich, polisi kijana kutoka Lango, John Akii-Bua, alipangiwa njia ya kwanza, ile ya ndani yenye kona kali kuliko zote, katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi. Alimaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla yake. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki, na ya pili ilitusubirisha miaka 40. Alifika juu kuliko mwanariadha yeyote wa nchi hii kabla yake. Mwaka 1976 hakupata hata nafasi ya kutetea taji lake Montreal, kwa kuwa nchi nyingi za Afrika zilisusia, yetu ikiwemo. Mwaka 1979, utawala wa Amin ulipoanguka, bingwa wa Olimpiki alikuwa mkimbizi nchini Kenya, ndani ya kambi, akisubiri watu wa nje wamsaidie. Alirudi nyumbani baadaye, akafa mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 47.

Nikimfikiria Akii-Bua, siwezi kukubali kwamba dawa ya hofu zetu ni kila mtu ashinde. Yeye alishinda kweli, mbele ya dunia nzima, na miaka saba baadaye alikuwa akilala kambini. Ushindi wa mtu mmoja hauwezi kuwa badala ya nchi inayokaa sawa.

Vijana wa Kapchorwa wananipa upande mwingine wa jambo hilohilo. Machi 2017, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kololo, Kampala. Cheptegei, akiwa na miaka 20, aliongoza hadi mzunguko wa mwisho, kisha miguu ikakataa mbele ya watu wake. Alianza kuyumba, wakampita mmoja mmoja, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, kule Aarhus, Denmark, alishinda mashindano hayohayo. Hadithi hii imehubiriwa mno kama ushahidi kwamba usipokata tamaa utashinda. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Cheptegei ni ofisa wa Polisi. Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya London 2012, alikuwa askari wa Magereza. Akii-Bua naye alikuwa polisi. Mwisho wa mwezi mshahara uliingia, mbio ziwe zimekwenda vizuri au vibaya. Mwanariadha mwenye mshahara anaweza kuanguka leo akajaribu tena mwakani. Lakini ukipita barabara za Kapchorwa asubuhi utaona makundi ya vijana wanakimbia kwenye baridi ya Elgon, wengi wao hawana mshahara wowote. Goti la mmoja wao likiharibika, habari zake zimeishia hapo. Atarudi shambani kwa baba yake, kama kipande hakijauzwa.

Mtetezi wa kushinda atanikumbusha habari za Gressier. Yule wa kumi na tatu wa Paris, Septemba 2025 alichukua ubingwa wa dunia wa mita 10,000 mjini Tokyo. Ni kweli, na nilifurahi kwa ajili yake. Je, angeweza kungoja zamu yake kama angekuwa anatoka katika nchi ambayo mtu akiumia hospitali humdai fedha taslimu mlangoni? Ujasiri wa kujaribu mara ya pili unategemea sana mahali ulipoangukia mara ya kwanza. Kwa hiyo hata anayependa mashindano, hata yule anayetaka medali nyingi zaidi kwa Uganda, anapaswa kuitaka sakafu kama ninavyoitaka mimi. Wanaoogopa kwamba watu wakiwa na uhakika wa matibabu na chakula watakuwa wavivu wanapaswa kumtazama mama wa mukene. Yumo sokoni asubuhi na mapema.

Pasipo sakafu, watu hutafuta njia za mkato, na hili tunaliona kwa macho. Sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inasema asiyefikisha miaka 25 asicheze kamari. Nenda kwenye vibanda vya kubeti jioni yoyote utazame nyuso. Januari 2019 serikali ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya kwa kampuni za kamari, na bado vijana wanakaa na vikaratasi wakihesabu magoli ya timu za Uingereza. Wanaowaita wavivu hawajakaa nao. Kijana wa boda anayebeti elfu mbili anajua kabisa kwamba kwa kasi yake ya sasa hatawahi kununua pikipiki yake mwenyewe. Ameambiwa tangu darasa la kwanza kwamba thamani ya mtu ni kushinda, na pale kwenye kibanda ndipo mahali pekee panapomuuzia ushindi kwa bei anayoimudu.

Kinyume cha kibanda hicho nakikuta Kigezi na Ankole, kwenye vikundi vya engozi. Milima ile, mgonjwa hafikiwi na gari. Kwa hiyo wanakijiji wana machela iliyosukwa, na wana kanuni. Mwanachama akiugua, wanaume wanaitwa, wanapokezana mabega kushuka kilima mpaka barabarani au hospitalini. Asiyefika bila sababu analipa faini. Akifa mtu, hao hao wanachimba na kuzika. Buganda wana munno mukabi, vikundi vyao vya kusaidiana kwenye shida, na akina mama wa Busia wana chao. Vikundi hivi havina mshindi. Tajiri wa kijiji na maskini wa kijiji hubebwa kwa machela ileile, na hakuna anayeulizwa alipata jumla ya ngapi darasa la saba. Wazee wetu waliijenga sakafu kwa mikono yao, bila hela ya mtu, na inanitia moyo kuona bado inasimama. Lakini machela haina dawa ndani yake. Ikishamfikisha mgonjwa hospitalini, kazi ya kijiji imefika kikomo na kazi ya taifa inapaswa kuanza.

Na taifa limeweka kipimo chake wazi kwenye karatasi. Mshindi wa dhahabu wa Olimpiki aliwekewa posho ya shilingi milioni 5 kwa mwezi, wa fedha milioni 3, wa shaba milioni 1. Simwonei wivu hata mmoja wao. Jasho lao tuliliona. Mzee anapewa ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwezi, akifikisha miaka 80. Sensa ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba matarajio ya kuishi nchini ni miaka 68.2. Yaani yule bibi wa migomba, aliyelisha watoto na wajukuu na majirani maisha yake yote, anaweza kuzikwa kabla ya kuipokea hata mara moja. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge Machi 2021, na mkulima bado hana kadi mkononi.

Nikisikia tena ubishi ule kwenye harusi au stejini, sitachagua upande mpaka tumelizungumza hili la umri wa miaka 80 na hili la kadi. Bajeti husomwa kila Juni, na wabunge hurudi majimboni kabla na baada yake, wakinunua magunia ya sukari na kuchangia paa za makanisa na misikiti. Watakapofika kwenu, msiwaombe sukari. Waulizeni ruzuku ya wazee itashuka lini ifike miaka 65, fedha zake zitatoka fungu gani, na muswada wa 2021 umekwama kwenye meza ya nani.